Ulimi Wenye Mpango ni Mtaji: Kwa Nini Ufundi wa Kuzungumza Ufundishwe Zama Hizi za Simu

Kila mwaka wakazi wa wadi zote 20 za Kaunti ya Kwale hualikwa kutoa maoni kuhusu bajeti na miradi ya maendeleo. Mkutano wenyewe huchukua saa chache tu. Ndani ya saa hizo hutajwa haja ya maji, barabara, zahanati, madarasa ya chekechea na basari. Wote waliohudhuria wana haki sawa ya kusema, lakini si wote wanaosema. Wapo wanaokaa kimya tangu dua ya kufungua hadi ya kufunga. Wapo wanaoinuka, wakazungumza kwa uchungu, kisha wakaketi bila mtu kufahamu hasa walikuwa wakiomba nini. Na wapo wachache wanaoeleza haja yao kwa maneno ambayo karani wa mkutano anaweza kuyaandika jinsi yalivyotamkwa.

Tofauti kati ya makundi hayo matatu si ya akili, na mara nyingi si ya kisomo. Ni ya mazoezi. Hata hivyo madhara yake ni makubwa. Kijiji ambacho haja yake haikuandikwa vizuri hakina cha kufuatilia mwaka wa fedha unapoisha, kwa sababu hakuna ukurasa wowote unaoonyesha kiliomba nini. Kijiji jirani, ambacho pengine hakina dhiki zaidi, huwa na ombi lenye mahali, idadi na sababu.

Ndiyo maana uwezo wa kuzungumza mbele ya watu haufai kuachiwa wenye vipaji pekee. Ni ujuzi unaofundishika kama ushonaji au ufundi wa mabomba, na simu ya mkononi imeongeza thamani yake badala ya kuipunguza.

Mtaji usiokaa benki

Watu wengi wakisikia neno mtaji hufikiria pesa, shamba au mashine. Upo mtaji mwingine ambao wataalamu huuita mtaji wa kijamii. Huu ni ule uwezo ambao mtu au jamii hupata kutokana na kujuana, kuaminiana na kushirikiana. Mmoja wa walioliandikia wazo hili mapema ni L. J. Hanifan, msimamizi wa shule za mashambani katika jimbo la West Virginia, Marekani. Mwaka 1916 alieleza kwamba shule ya kijijini hustawi pale majirani wanapokutana, wakazungumza na kusaidiana. Baadaye mwanasayansi wa siasa Robert Putnam alilifanya wazo hilo kujulikana zaidi, hasa kwa kitabu chake cha mwaka 2000, Bowling Alone.

Wakazi wa Kwale hawahitaji kwenda Marekani ili kulielewa jambo hili. Chama cha akina mama kinachokopeshana bila hati ya shamba kinaendeshwa kwa mtaji wa kijamii. Harambee ya kumlipia mgonjwa bili ya hospitali, kikundi cha wavuvi kinachosimamia fuo yake, na vijana wa bodaboda wanaomchangia mwenzao aliyepata ajali, wote wanautumia mtaji huohuo.

Wataalamu hutofautisha sura mbili za mtaji huu. Ya kwanza ni ule unaowafunga pamoja watu wa karibu: ndugu, majirani, waumini wa msikiti au kanisa moja. Ya pili ni ule unaojenga daraja kati ya watu wasiojuana sana: mkulima na afisa wa kilimo, fundi na mteja wa mbali, kijana wa Mwereni na mwajiri wa Diani. Mwaka 1973 mtafiti Mark Granovetter alionyesha kwamba watu wengi hupata habari za kazi kupitia watu wanaofahamiana nao kwa mbali tu, kuliko kupitia rafiki wa karibu. Sababu yake ni rahisi: rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe, ilhali yule wa mbali ana habari za kwingine.

Kuzungumza kunahusikaje hapo? Daraja hilo hujengwa kwa maneno. Ndugu yako anakuelewa hata ukisema nusu, lakini mgeni hakuelewi mpaka useme wewe ni nani, unataka nini na kwa nini akuamini. Asiyeweza kufanya hivyo hubaki ndani ya mzunguko wa watu wake, na mara nyingi watu hao wana shida sawa na zake.

Simu haikuondoa haja ya kuongea

Ilidhaniwa kwamba simu na mitandao zingepunguza haja ya kuongea, kwa kuwa watu wangeandikiana tu. Mambo yamekwenda kinyume. Leo mjumbe wa kikundi hutuma ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp na watu 200 wakausikiliza. Mahojiano ya kazi hufanyika kwa video. Mfanyabiashara wa mikeka huonyesha bidhaa zake moja kwa moja mtandaoni na kujibu maswali ya wateja papo hapo. Msikilizaji hupiga simu redioni na kupewa dakika moja ya kuuliza swali linalosikika kaunti nzima.

Sheria nayo inalitambua hilo. Kifungu cha 91 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinataja majukwaa ya teknolojia ya habari na mawasiliano miongoni mwa njia za kuwashirikisha wananchi, sambamba na mikutano ya ana kwa ana, vikao vya bajeti na mbao za matangazo.

Mambo matatu yamebadilika. La kwanza, muda umekuwa mfupi. Barazani mzee angeweza kuzunguka na kisa kabla ya kufika kwenye hoja, na waliomzunguka wakamsubiri. Ujumbe wa sauti wa dakika saba huachwa kabla haujafika katikati. La pili, msikilizaji haonekani. Anayezungumza kwa simu haoni nyuso zinazomwambia kwamba ameeleweka au amechosha, kwa hiyo lazima apange maneno yake mapema. La tatu, maneno hayapotei tena. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na siku hizi ulimi ukijikwaa hurekodiwa, ukakatwa vipande na kusambazwa kwa watu ambao hawakuwepo.

Hili la tatu lina upande wa sheria. Ibara ya 33 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, lakini uhuru huo hauhusu uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki, na kila mtu anatakiwa kuheshimu haki na heshima ya wengine. Maneno ya hasira yanayomtusi mtu kwa kabila lake yanaweza kumfikisha msemaji mahakamani, awe aliyasema uwanjani au kwenye kikundi cha WhatsApp. Kumfundisha kijana kuzungumza ni pamoja na kumfundisha kupinga jambo kwa nguvu bila kumvunjia mtu utu wake.

Mfano wa dakika moja

Ili kuona tofauti inayoletwa na mazoezi, chukulia mfano wa kubuni wa mkutano wa bajeti katika sehemu kavu ya Kinango. Msemaji wa kwanza anasema:

"Sisi watu wa huku tumeteseka sana. Kila mwaka mnakuja, mnatuahidi, mnakwenda. Tunataka maji, tunataka barabara, vijana wetu hawana kazi, na zahanati haina dawa. Tumechoka! Mtufikirie na sisi."

Hakuna uongo katika maneno hayo, na uchungu wake ni wa haki. Tatizo ni kwamba karani ataandika: "Mkazi alilalamikia maji, barabara, ajira na dawa." Sentensi hiyo inaweza kuandikwa kuhusu kijiji chochote nchini.

Msemaji wa pili anasema:

"Hamjambo. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha maji cha kijiji chetu, chenye nyumba 140. Silanga letu hukauka kila Januari, na kioski cha karibu kiko kilomita sita. Bomba kubwa limepita barabarani, kilomita mbili kutoka shule ya msingi. Ombi letu ni moja: bomba lifikishwe shuleni na pajengwe kioski. Kamati ya shule imekubali kutoa mahali. Tumeandika ombi hili na kutia sahihi. Tungependa kujua ni lini tutapata jibu."

Msemaji huyu hakutumia maneno makubwa, wala hakuzidi dakika moja. Alisema yeye ni nani na anawakilisha nani. Alieleza tatizo kwa kitu kinachoweza kupimwa. Aliomba jambo moja, akaonyesha mchango wa jamii yake, akaacha karatasi, na akauliza jibu litapatikana lini. Swali hilo la mwisho ndilo linalowafunga maafisa kurudi na jibu.

Mpango huo wa hatua tano, yaani nani, tatizo, ushahidi, ombi na lini, ndio msingi wa karibu kila mazungumzo rasmi. Mwombaji kazi anaweza kuutumia, na vilevile mwenye duka anayeomba mkopo, mzazi anayemweleza mwalimu mkuu tatizo, na mgonjwa anayemweleza daktari dalili zake.

Mafunzo yanaanzia wapi

Nyumbani. Mtoto hujifunza kuzungumza kwa kuzungumzishwa. Mzazi anayemuuliza mtoto "leo shuleni mmefanya nini?" kisha akamsubiri amalize kisa chake, anamfundisha kupanga mawazo. Mtoto anayekatizwa kila anapofungua mdomo hujifunza kwamba sauti yake haina kazi. Vitendawili, hadithi za jioni na methali ni mafunzo yasiyogharimu hata shilingi. Kitendawili humfundisha mtoto kusikiliza kabla ya kujibu, nayo hadithi humfundisha mwanzo, kati na mwisho.

Shuleni. Mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutekelezwa katika madarasa ya chini kote nchini Januari 2019, umeweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Ujuzi wa kidijitali na uraia pia umo. Katika somo la Kiswahili, kusikiliza na kuzungumza hutajwa kabla ya kusoma na kuandika. Mwalimu anayewapa wanafunzi nafasi ya kusimulia, kujadili na kuulizana maswali hapotezi muda wa silabasi, bali anaitekeleza. Tamasha za muziki na za drama za shule nazo zimewapa watoto wengi wa Kenya jukwaa lao la kwanza.

Katika taasisi zilizo chini ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba linazipa serikali za kaunti jukumu la elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Jedwali hilohilo linazitaka kaunti kuhakikisha jamii zinashiriki katika utawala wa mashinani na kuzisaidia kupata uwezo wa kufanya hivyo. Kuwafundisha wakazi kuzungumza kunaingia moja kwa moja katika jukumu hilo, na kusiwe pambo la siku ya hafla. Mwanafunzi wa useremala anayehitimu bila kuweza kumweleza mteja bei, muda na sababu ya kuchelewa, amehitimu nusu. Saa moja kwa wiki ambapo kila mwanafunzi anasimama na kueleza kazi aliyoifanya kwa mikono yake inatosha kuanzia.

Vikundini. Chama ni shule kubwa ya watu wazima. Kina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kumbukumbu na ajenda. Udhaifu wake ni kwamba watu walewale hushika nafasi hizo miaka nenda miaka rudi. Kikundi kinachobadilisha mwendeshaji wa kikao kila mwezi hupata wasemaji 12 kwa mwaka bila kulipia semina yoyote.

Na kwa wazee. Jamii za Wamijikenda zina mila ya kale ya mashauri katika kaya zao, ambako wazee walikutana kuamua mambo kwa kusikilizana hadi muafaka upatikane. Baadhi ya makaya hayo, ikiwemo Kaya Kinondo, yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008. Watu hutaja misitu hiyo kwa miti yake, lakini nidhamu ya kungoja zamu, ya kumjibu aliyetangulia kabla ya kutoa hoja yako, na ya kutopandisha sauti mbele ya hadhara, nayo ni urithi. Mzee anayewafundisha vijana nidhamu hiyo anawapa kitu kinachohitajika sana katika vikundi vya WhatsApp vya leo.

Mazoezi matano yasiyo na gharama

Mazoezi haya yanaweza kufanywa na kikundi chochote chenye watu watano au zaidi na simu moja.

La kwanza ni kurudia hoja. Kabla ya kusema lake, kila mtu aeleze kwa sentensi moja alichosema aliyemtangulia, naye akubali kwamba ndivyo alivyomaanisha. Zoezi hili hufundisha kusikiliza, na bila kusikiliza hakuna mazungumzo.

La pili ni dakika moja. Kila mtu apewe jambo la kawaida, kwa mfano bei ya nazi, taka za sokoni au uchafu wa kisima, alieleze kwa dakika moja akifuata hatua tano zilizotajwa. Saa ya simu ikilia, ananyamaza hata kama hajamaliza. Wengi hugundua kwamba walitumia sekunde 40 kusalimia.

La tatu ni kujirekodi. Mtu ajirekodi, ajisikilize peke yake, kisha arekodi tena. Anaweza kujiona ana haraka, au anarudiarudia neno moja, au sauti yake inafifia mwisho wa sentensi. Makosa hayo mtu huyasahihisha mwenyewe akishayasikia, bila kuaibishwa na mwingine.

La nne ni kubadilisha upande. Wawili wajadiliane, kwa mfano, iwapo soko lihamishwe au libaki lilipo. Baada ya dakika tano kila mmoja atetee upande wa mwenzake. Anayeweza kueleza vizuri hoja ya mpinzani wake hupungukiwa na hasira na kuongezewa njia za kumshawishi.

La tano ni swali gumu. Msemaji aulizwe swali asilolijua. Jibu zuri ni "takwimu hiyo sinayo hapa, nitaileta." Jibu la kubuni huweza kumpotezea mtu imani iliyojengwa kwa miaka.

Kwa mazungumzo ya mtandaoni, mambo machache yaongezwe. Ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili, na jambo kuu litangulie. Kabla ya mahojiano ya video, bando iangaliwe, simu iegemezwe mahali imara, mwanga uwe mbele ya uso na si mgongoni, na jina halisi liandikwe kwenye skrini badala ya jina la utani. Jambo lenye siri, kama nambari ya siri ya M-Pesa au habari za mgonjwa, lisisemwe katika kikundi wala katika simu ya mtu usiyemjua, hata akizungumza vizuri kiasi gani. Matapeli wengi ni wasemaji hodari, na anayejua jinsi maneno yanavyopangwa huwatambua mapema.

Sauti ambazo hazisikiki

Kufundisha kuzungumza hakutakuwa na maana ikiwa mlango wa kusikilizwa umefungwa kwa baadhi ya watu.

Katika mikutano mingi wanawake hukaa nyuma na husema mwishoni, muda ukiwa umekwisha. Mkutano ukiitishwa saa ya kuteka maji au ya kupika, huwa umewaondoa kabla haujaanza. Vijana nao huambiwa kwamba kusema mbele ya wazee ni utovu wa adabu. Adabu na woga ni vitu viwili. Kijana anayesalimia, akaomba ruhusa, akasema hoja yake kwa upole na kushukuru, hajamvunjia mzee yeyote heshima.

Lugha pia huwanyamazisha watu. Kwale ni nyumbani kwa Wadigo, Waduruma, Wakamba na jamii nyingine nyingi. Ibara ya 7 ya Katiba inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara hiyohiyo inaitaka dola kukuza lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya na Braille. Mkazi anayeeleza jambo lake vizuri zaidi kwa Kiduruma asichekwe, na asilazimishwe kubabaika kwa lugha nyingine wakati mkalimani yupo. Mtu mwenye kigugumizi apewe muda amalize mwenyewe, maana kummalizia sentensi ni kumnyang'anya sauti. Kiziwi ana haki ya mkalimani wa lugha ya ishara. Ibara ya 54 inawahakikishia watu wenye ulemavu haki ya kutumia njia za mawasiliano zinazowafaa.

Asiyejua kuandika naye hajasahaulika. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ombi la habari huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Mtu asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, anaweza kulisema kwa mdomo, naye afisa wa habari anawajibika kuliandika. Kwa kawaida uamuzi kuhusu ombi hilo unatakiwa kutolewa ndani ya siku 21. Hapo maneno ya mdomo yaliyopangwa vizuri yana nguvu ya barua.

Kusema kwa wakati

Hata hoja iliyopangwa vizuri haizai matunda ikisemwa baada ya uamuzi kufanywa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya mkakati wa fedha, inayoweka viwango vya matumizi kwa kila sekta, huwasilishwa kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia Aprili 30.

Maana yake ni kwamba anayetaka mradi mpya uingie katika mipango huzungumza kabla ya Septemba. Anayetaka sekta ya maji ipewe uzito zaidi ya sekta nyingine huzungumza kabla ya mwisho wa Februari. Anayesubiri hadi Juni huwa anazungumza juu ya chungu ambacho kimeshaepuliwa jikoni. Nje ya ratiba hiyo, kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mkazi haki ya kuwasilisha malalamishi au maombi yake kwa maandishi kuhusu jambo lolote lililo chini ya serikali ya kaunti.

Wajibu hauko kwa mkazi peke yake. Kifungu cha 87 cha sheria hiyo kinataka wananchi wapewe habari kwa wakati kabla ya kuombwa maoni. Mtu hawezi kutoa hoja yenye takwimu kuhusu waraka aliouona asubuhi ya mkutano, tena kwa lugha asiyoielewa. Maoni yakishatolewa, wakazi wana haki ya kujua yapi yalikubaliwa, yapi yalikataliwa na kwa sababu gani. Watu wakizungumza mara tatu bila jibu, mara ya nne hawaji, na mtaji wa kuaminiana uliojengwa kwa miaka hupungua. Mafunzo ya kuzungumza kwa wakazi yaende sambamba na mafunzo ya kusikiliza kwa maafisa.

Hatua za kuanzia

Kikundi kinachotaka kujiandaa kwa vikao vijavyo kinaweza kuanza wiki hii. Kwanza, kikubaliane juu ya ombi moja tu, na kama yapo matatu, kichague la dharura zaidi. Pili, kikusanye ushahidi: idadi ya nyumba, umbali, picha zilizopigwa kwa simu pamoja na tarehe zake. Tatu, kichague wasemaji wawili, mmoja mzoefu na mmoja ambaye hajawahi kusimama, nao wafanye mazoezi mbele ya wenzao. Nne, ombi liandikwe katika ukurasa mmoja na kutiwa sahihi, na nakala moja ibaki kwa katibu. Tano, baada ya mkutano, mtu mmoja apewe kazi ya kufuatilia jibu katika ofisi ya msimamizi wa wadi na kulileta kwa kikundi, liwe zuri au baya.

Yule msemaji wa pili, ambaye hajawahi kusimama, asiachwe. Mara ya kwanza sauti yake itatetemeka, na huenda akasahau nusu ya alichopanga. Mkutano unaofuata atasahau kidogo zaidi ya hapo, na baada ya mwaka mmoja kijiji kitakuwa na wasemaji wawili pale palipokuwa na mmoja.